Masikio Yaliyosimama: Kisa cha Mbwa Wawili wa Goba

Watu wengi wakitaka mbwa wananitumia picha. Hawasemi mbwa atalala wapi, atakula nini, nani atabaki naye wakisafiri, wanatuma picha tu afu wanauliza "huyu vipi?" Nafuga mbwa tangu niko shule ya msingi na hilo swali nimelijibu sana, mara nyingine vizuri mara nyingine vibaya, na hiki kisa cha shemeji yangu ndo kimenifanya nikae chini niandike kila kitu tangu mwanzo, maana ndani yake sura ya mbwa ilifanya kazi nyingi sana, nyingine za maana kabisa na nyingine zilituumiza.

Shemeji ni mume wa mdogo wangu wa kike. Walihamia Goba, Dar es Salaam, nyumba ikiwa haijaisha kama tunavyohamia wengi, ukuta umezunguka pande tatu na upande wa bondeni ni michongoma na mabati chakavu. Mwezi wa pili tu wezi wakapita huko huko bondeni wakabeba pampu ya kisima na nondo zilizokuwa zimebaki, na hakuna aliyesikia kitu. Kesho yake saa nne usiku wasapu ikaanza kulia, picha saba, zote za mtoto mmoja wa mbwa, German Shepherd, mgongo mweusi na miguu ya kahawia, amekalishwa juu ya kiti cha plastiki.

"Shem, cheki masikio hayo! Ana wiki sita tu na yameshasimama. Huyu ndo mwenyewe."

Hapo ndo nikashtuka. German Shepherd wa wiki sita masikio yake bado laini, yameanguka pembeni, wengi yanakuja kusimama vizuri kati ya miezi mitatu na sita, na hata yakishasimama yanaweza kulegea tena kipindi anaota meno ya ukubwani. Nikamwambia amfungue mdomo anipigie picha ya meno ya mbele. Meno ya utoto ya mbwa ni membamba na yamechongoka kama sindano, yako 28, na ya ukubwani yanaanza kuota pale mbele kwenye miezi minne hivi, mapana, meupe, na kwa juu yana kama vijivimbe vitatu. Picha ikaja na kidole cha shemeji kimeinua mdomo, na pale katikati meno manne mapana yapo, mengine pembeni bado sindano. Huyo mbwa alikuwa na miezi minne na ushee, alikuwa mdogo kwa umbo kwa sababu hakulishwa, na aliyemuuza akaugeuza udogo wake kuwa umri na masikio yake kuwa ajabu. Tena miezi yote hiyo ndo ilikuwa ya chanjo, zile za pavo, ule ugonjwa wa kuharisha damu unaoua watoto wa mbwa, na homa nyingine, zinazoanza kwenye wiki sita mpaka nane na kurudiwa rudiwa mpaka wiki ya 16 hivi, na karatasi hata moja hakuna.

"Shem, mrudishe."

Akakaa kimya kama dakika tano. "Nimeshalipa laki saba. Na watoto wameshampa jina."

Jina ni Rambo.

Sasa huyo wa pili. Fundi aliyekuwa anamalizia kuta alikuwa na jike la kienyeji, koko la kawaida, lilizalia pale pale kwenye mbao za jengo la jirani, na akamwambia mdogo wangu achukue mmoja bure. Mimi nilikuwepo siku hiyo. Alikuwa jike dogo la rangi ya udongo wa Goba, wekundu uliofifia, sikio moja limesimama lingine limekunjika katikati, mbavu unazihesabu na tumbo limevimba kwa minyoo, kwenye ukucha wa mguu wa mbele kupe wamejipanga kama mbegu za mtama. Nikamwambia mdogo wangu aachane naye, atawafia mikononi halafu watoto walie. Nilimwangalia nusu dakika tu, sikumwinua nikaangalia fizi, sikumwita nione kama anafuata mtu, sikuuliza mama yake anaishije. Ile kazi yote niliyoifanya kwa Rambo kupitia simu, kwa huyu aliyekuwa mbele ya miguu yangu sikuifanya. Mdogo wangu akasema, "Kaka, mi nitamkuza hivyo hivyo," akamuita Subira.

Kwa hiyo mwezi wa tatu ile nyumba ikawa na mbwa wawili, na kuanzia hapo naomba msomaji aangalie jinsi walivyotunzwa maana kisa chote kiko hapo. Rambo alijengewa banda la mbao lenye bati na sakafu imeinuliwa, akaletewa daktari wa mifugo nyumbani, akachanjwa zote mpaka ya kichaa cha mbwa, chakula chake kinapikwa sufuria yake, ugali wa dona na dagaa, Jumamosi kichwa cha mbuzi. Subira alilala chini ya mnara wa tanki la maji. Alikula makombo, na siku ambayo hakuna makombo alikula alichokipata. Siku daktari alivyokuja alikuwepo, alikuwa amekaa hatua kama kumi anaangalia, na shemeji alipoulizwa "na huyu je?" akajibu huyu wa kienyeji tu, wamezoea hawa. Shemeji sio mtu mbaya hata kidogo, ni mtu ambaye anaamka usiku kumfunika mbwa mvua ikinyesha, ila anamfunika Rambo.

Mwezi wa tano Subira akamuuma kijana wa bodaboda kwenye kifundo cha mguu. Kijana alileta mzigo, geti likaachwa wazi, akaingia, na ni jambo la kawaida mbwa kufanya. Ila kilichofuata hakikuwa cha kawaida, kwa sababu swali la kwanza ni chanjo, na chanjo hakuna. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa mtu hakuna kurudi, anakufa, ndo maana huwezi kusema tusubiri tuone. Tukaosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka dakika 15 nzima, kijana anatetemeka, tukampeleka hospitali akaanzishiwa sindano, akarudi tena na tena kumalizia, na Subira akafungwa kuangaliwa siku kumi. Alikuwa mzima, siku kumi zikapita. Lakini zile siku kumi mke wa yule kijana alikuwa anapiga simu kila asubuhi kuuliza mbwa yuko hai. Kila asubuhi. Nadhani shemeji hatakaa aisahau ile sauti, na yote ni kwa sababu siku ile sindano moja ilienda kwa mbwa mzuri na nyingine ikabaki kwenye kibegi cha daktari.

Na kuna kitu kingine cha kusikitisha. Watoto wa mtaani wanaoenda madrasa jioni walikuwa wanazunguka njia ya mbali kwa kumuogopa Rambo, ambaye hajawahi kuuma hata kuku, akisikia radi anajikunyata nyuma ya mlango wa jikoni. Wakati huo huo wale wale watoto walikuwa wanaingiza mikono kwenye geti kumgusa Subira kwa vile mdogo, mwembamba, anaonekana mnyonge. Walikuwa wanamkimbia asiye na neno na kumchezea mwenye meno ya haraka, kisa masikio na mgongo mweusi. Mzee wa nyumba ya pili ambaye anapita alfajiri kwenda msikitini alikuja kistaarabu kabisa, akaomba mbwa wasifunguliwe barabarani maana akiguswa na mate inabidi arudi akajitwaharishe upya, na akasema wasiwasi wake mkubwa ni "yule mkubwa". Shemeji akampokea kwa heshima, akaweka utaratibu wa kufunga geti saa kumi alfajiri. Nikamwambia na yule mdogo, tena huyo hasa.

Mwezi wa sita Rambo akaacha kula. Siku ya pili kakaa tu, siku ya tatu damu inatoka puani kidogo kidogo, mdogo wangu akanipigia nikakimbia. Nikamuinua mdomo, fizi ambazo zinatakiwa ziwe na rangi kama ya ulimi wa mtoto zilikuwa nyeupe kama karatasi, ukibonyeza kwa kidole hakuna damu inayorudi. Daktari akachukua damu akasema homa ya kupe, aina ambayo vijidudu vinaingia kwenye chembe za damu na kuziua taratibu. German Shepherd wanaumizwa sana na hii homa kuliko mbwa wengi, wakati wa vita ya Vietnam jeshi la Marekani lilipoteza mbwa wengi wa aina hiyo kwa ugonjwa huu huu, yaani sio jambo la Goba wala la uzembe wa shemeji peke yake. Vidonge vya doksisaiklini, dawa ya antibiotiki, wiki nne nzima, damu inapimwa tena, chakula anawekewa mkononi.

Watu walisema hapo unaona, mbwa wa kizungu hawafai, koko hajaumwa. Mimi siikubali hiyo kauli hivi hivi. Koko wanaumwa sana na wanakufa sana, tofauti ni kwamba wakifa hakuna anayehesabu, wanafia kwenye majani huko bondeni, na sisi tunaowaona barabarani ni wale waliobaki halafu tunasema hawa chuma. Mama yake Subira alizaa sita, fundi mwenyewe aliniambia waliofika miezi mitatu ni wawili.

Daktari ndo aliyegeuza mambo pale nyumbani. Alisema kupe wa mbwa haishi kwa mbwa tu, anashuka, anajificha kwenye nyufa za ukuta na kwenye mbao za banda, anataga mayai huko, kwa hiyo ukimtibu Rambo peke yake umefanya kazi bure, yule mwingine ndo anawarudisha. Kwa hiyo kwa ajili ya kumuokoa Rambo, Subira naye akapewa dawa ya kupe, dawa ya minyoo, akachomwa na sindano ya kichaa, akahamishwa kutoka chini ya tanki, na mdogo wangu akaamua sufuria iwe moja. Nilikuwepo mara ya kwanza alipowekewa sahani yake. Hakula. Alikaa anamwangalia Rambo kama anasubiri aishe, mpaka mdogo wangu akamsogeza kwa mkono mgongoni, ndo akaanza kulamba pembeni pembeni mwa sahani.

Miezi mitatu baadaye nikafika Jumapili nikadhani wameleta mbwa wa tatu. Manyoya yamelala na yanang'aa kama yamepakwa mafuta, kifua kimefunguka, shingo ndefu, mkia umejikunja juu ya mgongo, ile rangi ya udongo imekuwa nyekundu ya shaba. Sikio lililokunjika bado limekunjika. Mgeni mmoja aliyekuja siku hiyo, mtu anayejua mbwa, akauliza huyu mbegu gani, mmemtoa wapi, anauzwa? Akauliza kama ni Basenji. Basenji ni mbwa waliotoka bonde la Kongo, Waingereza waliwachukua na kuwaonyesha London mwaka 1937 kama mbegu ya thamani, na jina lenyewe ukilitamka unasikia linafanana na neno letu la washenzi, mbwa wa porini huko, mbwa wa watu ambao hawahesabiwi. Subira sio Basenji, anabweka sana na Basenji habweki kama mbwa wengine. Ila nilifikiria sana siku ile kwamba mbwa ni yule yule, kilichobadilika ni sahani na dawa ya minyoo, na sasa hivi watu wanauliza bei.

Na hii ndo hoja yangu kubwa kwenye kisa chote. Tunasema tunachagua mbwa mzuri kwa vile mbwa mzuri ana akili, ana afya, ana nguvu. Kinachotokea ni kwamba tukishamuona mzuri tunampa chakula, chanjo, banda, muda wa kumfundisha, halafu akishakuwa mbwa wa maana tunasema ni mbegu. Yule mwenye sikio lililokunjika tunamnyima vyote hivyo, anabaki mwembamba na mwenye kupe na mwoga, tunasema unaona, koko. Sura inaamua matunzo, matunzo yanaamua mbwa, na sisi tunakumbuka ya mwanzo na ya mwisho tu.

Sasa sitaki kusema sura haina kazi, nitakuwa naongopa, na usiku wa mwezi wa kumi na moja unanikatalia. Saa nane usiku mdogo wangu alikuwa macho ananyonyesha. Subira akaanza kubweka upande wa michongoma, ule ubwekaji mfupi mfupi wa kumuona mtu, sio wa kumjibu mbwa wa jirani. Akabweka kama dakika mbili peke yake. Ndo Rambo akatoka bandani, akakimbilia alikokuwa mwenzie, na taa ya nje ikawaka ikamkuta kasimama pale amejaa, kifua mbele, masikio juu, kivuli chake kimepanda kwenye mabati. Kishindo, mabati yakalia, watu wakakimbia kuteremka bondeni. Asubuhi tukakuta mtaimbo na gunia tupu. Shemeji mpaka leo anasimulia Rambo alivyofukuza wezi, na mdogo wangu akinong'ona "kaka, aliyeanza ni Subira" na yeye yuko sahihi, lakini na shemeji naye yuko sahihi nusu. Koko wa kilo kumi na tatu angebweka mpaka asubuhi, mtu mwenye mtaimbo asingeondoka kwa ajili yake. Ukubwa, weusi, masikio yale, vilifanya kazi yao usiku ule. Kwa mbwa wa geti sura ni sehemu ya ulinzi na anayesema siyo hajawahi kuibiwa.

Ila kuona na kubweka mapema, kuwa macho, kumfuata mtu, hivyo huvipati kwenye picha wala kwenye jina la mbegu. Kuna utafiti mkubwa ulitoka mwaka 2022 Marekani, mbwa zaidi ya elfu 18, ukaonyesha kwamba mbegu inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Ukubwa, rangi na aina ya manyoya mbegu inakuahidi vizuri kabisa, tabia ya huyo mbwa mmoja unayemnunua haikuahidi. Rambo na radi zake ni ushahidi wangu mimi.

Kwa hiyo shemeji angekuja upya leo ningemwambia angalia sura, tena angalia kwa muda mrefu kuliko ulivyoangalia, ila angalia vingine. Fizi. Macho kama yana tope. Tumbo kama limevimba huku mbavu ziko nje. Meno, ujue umri wa kweli. Manyoya marefu na pua fupi kwenye joto la Dar ni mateso maana mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na pua ikishakuwa fupi kuhema kwenyewe ni shida. Muone mama yake, akikataa kukuonyesha mama ondoka. Na mwache atembee kwenye sakafu laini, mtazame kwa nyuma.

Hilo la mwisho hatukulifanya na ndo linalonikosesha raha sasa hivi. Rambo ana mwaka na nusu na ushee. Mgongo wake umeteremka kwa nyuma, ile sura ambayo watu wanaipenda sana, akisimama anaonekana kama anataka kuruka. Akitembea miguu ya nyuma inapishana kama ya mtu aliyevaa kanga iliyombana, na akitoka kulala anainuka kwa mbele kwanza afu anajivuta. Mjerumani aliyeianzisha hii mbegu, Max von Stephanitz, mwaka 1899 alimchukua mbwa wa kuchungia kondoo, alitaka mbwa wa kazi, na picha za mbwa yule wa kwanza zinaonyesha mgongo ulionyooka kabisa. Miaka ilivyokwenda wafugaji wa maonyesho wakaupenda mteremko wakaendelea kuuchagua, mpaka mwaka 2016 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts huko Birmingham, Uingereza, German Shepherd mmoja alishinda zawadi huku watu wanaomtazama kwenye televisheni wanalalamika kwamba hata kutembea hawezi vizuri. Ubovu wa nyonga unarithiwa, mtoto anaupata kwa wazazi, japo na lishe ya utotoni inachangia, na Rambo hakubahatika kwenye vyote viwili.

Sasa majirani wanaleta majike yao. Wanampenda sura, wanataka mbegu, wanatoa laki mbili kwa kupandisha mara moja, na shemeji ameshakubali kwa mdomo kwa watu wawili. Tumebishana wiki nzima. Yeye anasema laki saba yake itarudi na bei ya dawa za mwaka jana itarudi. Mimi nasema kila mtoto atakayezaliwa pale ataingia kwenye simu ya mtu usiku saa nne, amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, masikio yamesimama, na mtu atalipa. Juzi tumefika mahali, wale wawili wasubiri, kwanza Rambo akapigwe eksirei ya nyonga, na nauli ya kwenda nimeitoa mimi ili kusiwe na kisingizio. Tunaenda Alhamisi. Subira tunaenda naye, mwaka wa sindano yake ya kichaa unaisha mwezi huu.